Siasa za wanafunzi vyuoni Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wanafunzi wapya wakishamaliza kusajiliwa na kupata vitambulisho, maswali huwa ni yale yale. Nilikuwa katibu wa chama cha wanafunzi katika chuo kimoja hapa kisiwani, kisha nikakaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati ya uchaguzi. Majibu haya yametoka huko. Palipo na sheria nimeitaja. Palipo na maoni yangu utayatambua mwenyewe, maana sikuyapaka asali.

Baraza la wanafunzi lina viongozi gani?

Kwa vyuo vikuu, jibu limo katika Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kama ilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Baraza lina watu saba: mwenyekiti, naibu mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina, na wengine watatu wa kuwakilisha maslahi maalum ya wanafunzi. Hao watatu kila chuo huwapa majina yake: huyu michezo, huyu masomo, huyu malazi au wanafunzi wenye ulemavu. Mwenyekiti na naibu wake ni lazima wawe wa jinsia tofauti, na baraza zima lisizidi thuluthi mbili za jinsia moja. Sheria inataka pia sura ya nchi ionekane humo ndani, wasiwe watu wa pembe moja.

Muhula wa uongozi ni mwaka mmoja. Unaweza kurudi mara moja tu, kisha kwaheri.

Wengi humtazama mwenyekiti kwa sababu ndiye anayeshika kipaza sauti. Mimi nikiona baraza jipya huuliza kwanza katibu ni nani. Mwenyekiti mzuri mwenye katibu mzembe hatafika mbali, kwa kuwa katibu ndiye aandikaye barua na kutunza kumbukumbu za mikutano, na ofisi za chuo hujibu kilichoandikwa.

Mbona sikupiga kura ya mwenyekiti? Siku hiyo nilikuwepo chuoni kabisa.

Hili ndilo swali lenye hasira kuliko yote, na nina haki ya kulijibu kwa kirefu.

Zamani kila mwanafunzi alipanga foleni akamchagua mwenyekiti moja kwa moja. Marekebisho ya 2016 yalileta mfumo wa wajumbe. Wanafunzi hugawanywa katika majimbo ya uchaguzi kufuata idara, skuli au kitivo. Kila jimbo huchagua wajumbe watatu, wasiozidi wawili wa jinsia moja, na wajumbe hao hawaruhusiwi kuwa wenyewe ndio wagombea wa baraza. Kisha wajumbe hukutana, na wao ndio wanaowachagua wale saba.

Marekebisho hayo yalikuja mwaka ule ule ambao uchaguzi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi uliishia kwa ghasia, chuo kikafungwa na watu wakapewa muda mfupi wa kufungasha virago. Waliotunga walitaka kupunguza joto. Kama walifaulu au la, mimi naona joto lilihamia chumba kingine.

Piga hesabu. Tuseme chuo kina idara kumi na tano. Hao ni wajumbe arubaini na watano. Anayetaka uenyekiti anahitaji watu ishirini na watatu tu. Hana haja ya kuzungumza na maelfu uwanjani. Anahitaji kuwajua watu ishirini na watatu kwa majina, wanakolala, wanachokula, na nani kati yao hajalipa kodi ya nyumba mwezi huu. Mgombea mwenye pesa huupenda mfumo huu kwa sababu hiyo. Na mgombea mwerevu asiye na pesa naye hujua kwamba kazi yake huanza mapema, wakati wajumbe bado hawajachaguliwa.

Kwa hivyo uchaguzi wenyewe ni ule wa idara. Ule unaofanyika Jumatano mchana ukumbini, nusu ya darasa ikiwa imeshatoroka kwenda kula viazi karai, mtu anasimama mbele na kusema «jamani tunataka majina matatu haraka haraka.» Nimeshuhudia wajumbe wa idara nzima wakipatikana kwa kura za watu wasiojaza hata safu mbili za viti. Wiki kadhaa baadaye darasa hilo hilo linalia kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenyekiti amewekwa. Hakuwekwa. Mlimwacha apite mlangoni mkiwa mmekwenda kula.

Ukitaka sauti, fanya mambo mawili. Hudhuria kura ya idara, hata kama mhadhiri amefuta kipindi na nyumbani ni mbali. Na kabla ya kumchagua mtu awe mjumbe, muulize mbele ya darasa: unakwenda kumchagua nani, na utarudi kutuambia? Sheria haimlazimishi kujibu, lakini aibu ya kusema uongo mbele ya watu unaosoma nao kila siku ina nguvu yake.

Mimi nasoma chuo cha ufundi. Haya yananihusu?

Si moja kwa moja. Vyuo vya ufundi na politekniki za kitaifa, kama ile ya Pwani iliyoko barabara ya Kisauni, viko chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya 2013, na utaratibu wa uchaguzi unatoka kwenye kanuni za chuo na katiba ya chama. Vyuo vya ualimu na vya uuguzi navyo vina taratibu zao. Nenda ofisi ya mkuu wa wanafunzi uombe nakala ya katiba ya chama. Ukiambiwa haipo, hapo umeshajifunza jambo kubwa kuhusu chama chenu.

Baraza lina uwezo gani hasa? Linaweza kupunguza karo?

Haliwezi. Tazama vitenzi vilivyotumika kwenye sheria. Baraza linapanga shughuli za wanafunzi kwa kushauriana na Seneti, yaani baraza kuu la masomo la chuo. Linazifikishia mamlaka zinazohusika shida za wanafunzi fulani. Linatoa mapendekezo kwa Seneti kuhusu ustawi wa wanafunzi. Kupanga, kufikisha, kupendekeza. Hakuna kitenzi cha kuamuru. Mgombea anayesimama juu ya meza na kukuahidi kwamba akiingia karo itashuka, au mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utatoka kesho yake, ama hajaisoma sheria au anajua kwamba wewe hujaisoma.

Lakini usidharau kufikisha. Chukua mkasa wa alama zilizokosekana, ambao kila aliyesoma chuo cha umma anaujua. Umefanya mtihani, umetia sahihi, matokeo yanatoka na somo moja halina kitu. Ukienda peke yako unaambiwa uende kwa mhadhiri, mhadhiri wa muda hayupo, ameshaenda kufundisha chuo kingine, unarudishwa idarani, idara inasema mfumo umefungwa. Mwaka unapita. Mahafali yanakuja na jina lako halimo kwenye orodha.

Katibu anayejua kazi hafanyi kelele. Huchukua daftari akaandika nambari za usajili za wote wenye tatizo hilo, jina la somo, muhula, na kama mtu ana ushahidi wa kufanya mtihani. Huipanga orodha kwa somo, kwa sababu mara nyingi hugundua kwamba nusu ya malalamiko yanatoka kwenye somo moja na bunda moja la karatasi lililosahauliwa kabatini. Kisha anaandika barua moja kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo na msajili wa masomo, anagongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, anaandika tarehe, na anaomba jambo hilo liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho. Barua yenye majina arubaini na muhuri inasumbua kuliko watu arubaini wanaopiga mbinja chini ya dirisha. Watu watatawanyika saa saba jua likizidi. Barua itabaki kwenye faili.

Vivyo hivyo na maji. Anayeishi kwenye hosteli za Mombasa anajua mabomba hukauka na maji ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na mwisho unanunua mtungi kwa mwenye mkokoteni. Baraza haliwezi kuleta maji kutoka chemchemi za Mzima. Linaweza kudai tangi, ratiba ya pampu na mtu mmoja wa kuwajibika, na kuyadai kwa maandishi.

Masharti ya kugombea ni yapi?

Kila chuo kina yake, lakini mengi yanafanana: uwe mwanafunzi aliyesajiliwa kwa muhula huo, usiwe na somo ulilofeli na hujalirudia, usiwe umepatikana na kosa la nidhamu, uwe umebakiza muda wa kutosha chuoni kumaliza muhula wa uongozi. Fomu hutaka sahihi za wanaokuunga mkono. Kusanya zaidi ya zinazohitajika. Daima kuna mtu aliyetia sahihi kwa wagombea wawili, na sahihi yake itafutwa kote.

Kampeni inagharimu pesa ngapi, na wagombea wanazitoa wapi?

Inategemea unataka kushinda au unataka kuonekana.

Kuonekana ni ghali: mabango ya rangi, fulana, spika, tuktuk zilizobandikwa picha yako zikizunguka Tudor tangu asubuhi. Kushinda, chini ya mfumo wa wajumbe, hugharimu chai na miguu. Lakini ndiyo, pesa hutembea. Mjumbe hupewa «nauli.» Mwingine hulipiwa bando. Usiku wa kuamkia kura, wajumbe wa upande mmoja huchukuliwa na kulazwa mahali pamoja, simu zao zikiwa mikononi mwa watu wengine, waletwe asubuhi ndani ya matatu moja kama mzigo wa biashara. Kanuni za uchaguzi, ambazo sheria inataka chama kiziweke kuhusu kampeni, matumizi na makosa, kwa kawaida hukataza haya yote. Kuyathibitisha ni kazi nyingine.

Pesa hutoka wapi? Kwa wazazi, mara chache. Kwa marafiki, kidogo. Kwa wenye hosteli za nje wanaotaka kandarasi au tangazo. Kwa mwenye duka la kupiga chapa anayekopesha mabango kwa ahadi ya kazi za chama baadaye. Na kwa wanasiasa.

Mkono mtupu haulambwi, watu husema, na wagombea wengi huanza na msemo huo. Nimewahi kumuuliza mmoja aliyetumia pesa nyingi: utazirudisha vipi, na kiongozi wa wanafunzi hana mshahara? Akacheka. Aliyewekeza huwa na hesabu yake, na hesabu hiyo hulipwa kutoka kwenye mfuko wa chama, kwa safari za «mafunzo» na fulana za michezo zilizonunuliwa kwa bei ya suti.

Wanasiasa wa nje wanaingiaje chuoni?

Kwa mlango wa mbele, mara nyingi kwa heshima zote. Mwakilishi wa wadi analeta mipira. Mtu anayetaka ubunge anadhamini siku ya utamaduni, anapewa dakika tano za salamu na anazifanya arubaini. Hakuna ubaya wa mipira. Ubaya huanza pale kiongozi wa wanafunzi anapotakiwa kuleta umati: «niletee vijana mia kwenye mkutano wangu Kongowea.» Ukishaleta vijana mia mara moja, huwezi tena kumkosoa mtu huyo akiwa na neno la kujibu kuhusu basari za kaunti au za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, zilizochelewa.

Ushauri wangu kwa wagombea: basari iombe hadharani, kwa barua ya chama, wanafunzi wote wajue. Ya mfukoni mwachie mwenyewe.

Je, ni kweli uongozi wa wanafunzi ni ngazi ya siasa kubwa?

Kwa wachache, ndiyo. James Orengo aliongoza wanafunzi wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo ni gavana wa Siaya. Babu Owino alitoka SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia Bunge kwa kiti cha Embakasi Mashariki mwaka 2017.

Lakini wanaotaja majina hayo huruka mengine. SONU ilianzishwa mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, mwenyekiti wake Titus Adungosi alihukumiwa miaka kumi jela, na akafia humo mwaka 1988. Chama kilipofufuliwa, mwenyekiti Wafula Buke naye alikamatwa mwaka 1987 na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Kulikuwa na wakati ambapo kiti hicho kilikuwa njia ya jela. Anayekitaka leo kwa ajili ya fulana na spika akumbuke kwamba nafasi ya kulalamika bila kukamatwa ilinunuliwa na watu kwa miaka yao.

Ukabila upo?

Upo, na hapa Mombasa una sura yake. Kwingine watu hugawanyika kwa makabila makubwa ya bara. Hapa kuna hiyo, na juu yake kuna lile la wenyeji na wabara. «Chuo kiko Pwani, mwenyekiti awe mtu wa Pwani.» Upande wa pili hujibu kwamba idadi ndiyo inayohesabiwa. Halafu wenyeji wenyewe ukiwakusanya utasikia Mswahili wa Mji wa Kale ana lake, Mgiriama wa Ganze ana lake, na Mtaita anawatazama wote wawili.

Vyama vya wanafunzi wa kaunti, vya Kwale, vya Kitui, vya Kisii, vina kazi njema: kumpokea mgeni, kuchangisha mwenzenu akifiwa. Wakati wa kampeni hugeuka kuwa mabenki ya kura, na mwenyekiti wa chama cha kaunti hutembea akiwa ameshika «watu wake» mkononi. Siwezi kukwambia usipige kura na watu wa kwenu. Nakwambia tu umuulize huyo mtu wa kwenu swali la alama zilizokosekana, uone kama anajua ofisi ya msajili iko ghorofa gani.

Wenye malalamiko ya wenyeji wana hoja moja ambayo naiheshimu. Shida za mwanafunzi anayetoka nyumbani kila siku, Likoni au Mtongwe au Miritini, hazifanani na za anayelala hosteli, na mabaraza mengi hujazwa na watu wa hosteli. Hilo ni suala la makazi, wala si la kabila. Litatueni kama suala la makazi.

Wanawake wana nafasi ya kweli, au ni mapambo?

Sheria inasema mwenyekiti na naibu wasiwe wa jinsia moja. Haisemi mwanamume ndiye awe mwenyekiti. Ilhali karibu kila nilipotazama, tiketi hupangwa mwanamume mbele na msichana anatafutwa wiki ya mwisho «wa kujaza fomu.» Dada, ukitafutwa wiki ya mwisho, kataa, au taja bei yako kwa lugha ya kazi: ni kamati gani nitakayoiongoza, na nitakaa kikao gani cha chuo.

Kinachowaondoa wengi ni saa za mikutano. Mikutano ya kupanga siasa huitishwa saa tatu usiku kwenye vyumba vya wanaume. Msichana anayeishi ng'ambo ya feri atafika vipi na kurudi na nani? Mabinti wenye uwezo mkubwa wamekuwa wakiachwa nje ya maamuzi kwa sababu hiyo tu, kisha wakaambiwa hawakujitolea. Baraza linaloamua kwamba hakuna kikao halali baada ya saa kumi na moja jioni limefanya zaidi kuliko linaloandaa kongamano la jinsia hotelini.

Siku ya kura nibebe nini?

Kitambulisho cha chuo, na kama kimeisha muda nenda ukafanyiwe kipya mapema. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura la idara yako wakati linapobandikwa, kwa sababu wanaohama idara hubaki kwenye orodha ya zamani.

Tazama pia tarehe. Kura ikipangwa Ijumaa, mchana wa swala ya Ijumaa utakuwa na vituo vitupu upande mmoja. Ikipangwa Ramadhani, kuhesabu kura kusivuke Magharibi bila mapumziko, maana mawakala wenye njaa hutia sahihi chochote. Haya huonekana madogo hadi yanapobadili matokeo. Lalamika tarehe inapotangazwa, kwa barua. Ukilalamika jioni ya matokeo utaambiwa umeshindwa.

Fedha za chama zinatoka wapi, na naweza kuona zilivyotumika?

Kwenye karo yako kuna kijisehemu cha chama cha wanafunzi. Tazama mchanganuo wa ada uone. Chuo hukusanya, na kwa kawaida hazitoki bila sahihi ya ofisi ya chuo pamoja na ya viongozi. Kwa hivyo mweka hazina anaposema «chuo kimetunyima» na chuo kinaposema «viongozi wamekula,» kuna karatasi mahali fulani inayosema nani kati yao ni mwongo.

Kama chuo ni cha umma, wewe kama raia una Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika ombi: nataka kuona kiasi kilichokusanywa kwa ajili ya chama mwaka fulani na matumizi yaliyoidhinishwa. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa afisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ombi halihitaji wakili na unaweza kuliandika kwa Kiswahili. Ni wanafunzi wachache sana wanaojaribu. Wengi hupenda zaidi kupakia stetasi ya «wezi hawa.»

Tunaruhusiwa kuandamana?

Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Ukitoka nje ya lango, Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe notisi, isiyopungua siku tatu wala kuzidi kumi na nne kabla. Notisi ni taarifa. Polisi wengi huichukulia kama ombi la ruhusa, na hapo ndipo ubishi huanza. Beba nakala iliyogongwa muhuri.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani kote nchini, Mombasa ikiwemo, kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 26 rais akakataa kuutia sahihi. Maandamano yale hayakuwa na mwenyekiti. Tangu siku hizo viongozi wa wanafunzi huulizwa: kama tuliweza bila nyinyi, nyinyi ni wa nini? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba mswada wa taifa unaweza kuusimamisha kwa umati, lakini alama za somo la takwimu za mwaka wa pili hazitafutwi na umati.

Na jiwe likirushwa, wa kwanza kuitwa nidhamu ni yule ambaye jina lake liko kwenye notisi. Fikiria hilo kabla hujatia sahihi kwa niaba ya watu usiowajua.

Nimeitwa kamati ya nidhamu. Nifanye nini?

Usiende na umati. Omba mashtaka kwa maandishi, pamoja na ushahidi walionao, na muda wa kutosha wa kujiandaa. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinakupa haki ya kusikilizwa na ya kupewa sababu za uamuzi kwa maandishi. Uliza kama unaweza kufuatana na mtu. Andika kila kilichosemwa, jioni hiyo hiyo, kabla hujalala. Uamuzi ukitoka, tazama muda wa kukata rufaa ndani ya chuo. Huwa mfupi, na wengi huupoteza wakingoja mjomba mwenye kujuana na mtu.

Nimeshindwa, na naamini nimeibiwa.

Kwanza tenganisha mawili hayo. Mawakala wako walitia sahihi fomu? Kama walitia bila kulalamika, una kazi ngumu. Kama walikataa, waliandika sababu? Peleka malalamiko kwa kamati ya uchaguzi ndani ya muda uliowekwa, ukitaja kituo, saa na tendo. «Uchaguzi haukuwa huru» si malalamiko. «Kituo cha idara fulani kilifunguliwa saa nne badala ya saa mbili, na watu hawa waliondoka bila kupiga kura» ni malalamiko, na kamati italazimika kuyajibu.

Nitaweza uongozi pamoja na masomo?

Ukiwa na ratiba, ndiyo. Ukiwa na kundi la WhatsApp la watu elfu lisilo na saa ya kufungwa, hapana.

Muhula wetu umekwisha. Tunakabidhi nini?

Hapa ndipo vyama vingi hufa kila mwaka na kuzaliwa upya bila kumbukumbu. Viongozi wapya huanza kutafuta barua ambazo wenzao walishaziandika, na chuo hufurahi sana, kwa kuwa ahadi aliyopewa mtu aliyeondoka haina shahidi.

Kabidhini kwa mkutano, mbele ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi, pande zote mbili zitie sahihi: kitabu cha kumbukumbu za mikutano, faili la barua zilizotoka na zilizoingia, taarifa ya benki ya mwezi wa mwisho, muhuri, funguo, nywila za barua pepe na kurasa za chama (na mliobadilisha jina la ukurasa likawa la kwenu, lirudisheni), orodha ya mali hata kama ni spika moja yenye kebo iliyokatika. Kisha orodha ya kesi ambazo hazijaisha: nani ana alama zilizokosekana, barua iliandikwa lini, iko ofisi gani, nani aliahidi kujibu. Mkaeni na katibu mpya, mmpeleke ofisi hadi ofisi, mmtambulishe kwa makarani. Makarani ndio watakaokuwepo mwakani.